Maziwa hayakauki kwa hofu: mambo ya kujua mbele ya kufungua kasha letu

Maneno haya yalitolewa na mzalishaji mmoja, mwanamemba wa shirika letu, katika mkutano wa wanamemba hapa Kibati, mbele ya kura juu ya kasha la wamama waliojifungua. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukapunguza tu pale aliporudia.

  Sitawashika muda mrefu, najua kuko wenye wanarudi kwa miguu na mvua iko inakuja.

Swali letu la leo ni moja. Komite imepokea ombi kwamba sehemu ya kasha inunue vitu viwili kwa wamama waliozaa tangu turudi: maziwa ya kopo, na vile vidonge vya farmasi ambavyo watu wanaviita "dawa ya kuleta maziwa". Ombi hilo limetoka kwa roho nzuri. Tangu kambi zilipobomolewa mwezi wa 2 mwaka 2025, kuko mama alifika hapa na mimba ya miezi minane, akazaa chini ya bashi, juu ya mawe, bwana hayuko, na siku ya tano anasema: "Maziwa yangu imekauka juu ya hofu." Nani atamwambia hapana? Sisi wote tulikimbia. Wengine walikimbia mwaka 2008, wakakimbia tena 2012, wakakimbia volkano 2021, wakakimbia tena 2022. Hofu tunaijua.

Lakini mbele ya kutoa franka, tujue kwanza maziwa yanatoka wapi, na ni nini inayafunga. Mutu akijua vile kitu kinafanya kazi, hadanganywi na muuzaji. Kisha tutapiga kura.

Kiwanda na mlango

Wengi wanadhani titi ni kama bidoni: kama iko na maziwa yatatoka, na kama haina basi imekwisha. Haiko hivyo. Titi ni kiwanda, na kiwanda hicho kinapokea amri kutoka kichwani.

Chini ya ubongo kuko katezi kadogo, ukubwa wake kama haragi moja. Kanatoa hormoni mbili zenye kutuhusu leo. Ya kwanza ni prolaktini. Kazi yake ni kuambia titi: tengeneza maziwa. Ya pili ni oksitosini. Kazi yake ni kukaza vile vifuko vidogo ndani ya titi ili maziwa yasukumwe kwenda kwenye chuchu. Kwa hiyo prolaktini ndiyo inaendesha kiwanda, na oksitosini ndiyo inafungua mlango. Oksitosini hiyo ni ile ile ya sindano tunayompiga mama mtoto akishatoka, ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike. Ndio maana mama akinyonyesha siku za kwanza anasikia tumbo linamkata. Ni kitu kimoja kinafanya kazi mbili.

Sasa musikilize hapa, maana ndipo dawa zinaingilia. Ubongo uko na kemikali nyingine, jina lake dopamini. Dopamini ni breki ya prolaktini. Siku zote breki imekanyagwa, ndiyo sababu mutu asiyenyonyesha hatoi maziwa. Mtoto akinyonya, chuchu inatuma habari kwa mishipa mpaka ubongoni, ubongo unalegeza breki, na prolaktini inapanda. Mtoto akiacha, breki inarudi polepole. Kila kunyonya ni kulegeza breki. Hakuna kunyonya, hakuna kulegeza.

Na wakati wa mimba je? Wakati wa mimba prolaktini iko juu, lakini kondo la nyuma linatoa hormoni nyingine, projesteroni, ambayo inakataza kiwanda kufungua. Kondo likitoka, projesteroni inashuka, na siku ya pili mpaka ya nne titi linajaa. Kabla ya hapo mtoto anapata yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya manjano. Ni kidogo, lakini tumbo la mtoto pia ni dogo. Kwa hiyo mama mwenye anasema siku ya kwanza "sina maziwa" hajakauka. Kiwanda hakijafungua milango yote bado. Ukimpa mtoto kopo siku hiyo, anashiba, analala, hanyonyi, na breki inabaki imekanyagwa. Hapo ndipo tunatengeneza ukosefu kwa mikono yetu.

Habari ya Kivu yetu wenyewe

Musifikiri mambo haya yalijulikana kwa wazungu na wamama wa kizungu tu. Prolaktini ya binadamu ilitambuliwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka michache tu nyuma, watafiti wa Ubelgiji, kati yao Delvoye na Robyn, walipima damu ya wamama wa hapa Kivu wenye walikuwa wakinyonyesha. Walichapa matokeo mwaka 1977. Waliona kwamba mama aliyenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku prolaktini yake ilibaki juu hata kupita mwaka mzima. Aliyenyonyesha mara chache, ilishuka mapema. Mwaka 1981 wenzao, Hennart na wengine, wakachapa kazi nyingine juu ya wamama wa Kivu walionyonyesha mpaka miezi 30.

Wamama hao hawakuwa matajiri. Walilima, walibeba mizigo, walikula maharage na mihogo. Hakuna aliyewapa kidonge. Kitu kilichoweka prolaktini juu kilikuwa mdomo wa mtoto, mara nyingi, mchana na usiku. Hata leo sayansi inasema vile vile, na inaongeza kwamba usiku prolaktini inapanda zaidi. Kwa hiyo mama mwenye anaambiwa "pumzika usiku, mpe biberoni" anapoteza saa nzuri kuliko zote.

Hofu inafanya nini kweli

Basi mutaniuliza: na yule mama aliyeshtuka? Tuliona kwa macho yetu, mtoto alivuta, hakupata kitu.

Ni kweli hakupata. Lakini kilichofungwa ni mlango, siyo kiwanda. Mwaka 1948, huko Marekani, Michael Newton na mke wake Niles walifanya jaribio kwa mama mmoja anayenyonyesha. Walimsumbua wakati mtoto ananyonya: miguu yake waliiweka ndani ya maji ya barafu, mara nyingine walimpa hesabu ngumu ajibu haraka. Siku bila usumbufu mtoto alipata karibu gramu 168 za maziwa. Siku ya usumbufu alipata karibu 99. Kisha wakamsumbua tena lakini wakampiga sindano ya oksitosini, na mtoto akapata karibu 153.

Mumeona? Maziwa yalikuwamo siku zote. Usumbufu ulizuia oksitosini tu. Mutu akiogopa, akisikia maumivu ao haya, mwili unatoa adrenalini. Adrenalini inakaza mishipa ya damu ya titi na kuzuia ile oksitosini isifanye kazi. Mwili unasema: sasa ni saa ya kukimbia, haiko saa ya kunyonyesha. Ukishatulia, mlango unafunguka tena.

Lakini kuko hatari moja, na wababa munisikilize vizuri. Mlango ukibaki umefungwa siku nyingi, titi linabaki limejaa. Titi lililojaa linajiambia lenyewe: huko nje hawahitaji, tupunguze kazi. Kisha jirani analeta kopo, bibi anasema "maziwa yake imechafuka na hofu, usimpe mtoto", na mtoto haletwi tena kwenye titi. Baada ya juma mbili kiwanda kimepunguza kweli. Halafu tunasema ni hofu ilikausha. Hapana. Hofu ilifunga mlango siku mbili, sisi wengine tukafunga kiwanda. Na maziwa ya mama aliyeogopa hayachafuki. Hata mtoto asiponyonya siku moja, yaliyobaki ndani ya titi hayaozi.

Ni nini inafungua mlango? Mtoto tumboni kwa mama, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge. Harufu yake, sauti yake. Kitambaa cha maji moto kwenye titi. Mwenzake anayemsugua mgongo polepole. Mahali pa kukaa bila kelele na bila kuchekwa. Chai ya moto mkononi, na mutu anayemwambia "maziwa iko". Hayo yote yanapandisha oksitosini. Hayauzwi farmasi.

Vidonge vya kuleta maziwa

Sasa tufike kwenye vidonge vyenyewe. Viko na historia.

Kuanzia miaka ya 1950, hopitali za wagonjwa wa akili zilianza kutumia dawa ya klorpromazini, ile tunaiita Largactil. Waganga wakashangaa: wagonjwa wanawake wasio na mtoto, maziwa yanatoka. Baadaye ilieleweka kwamba dawa hiyo inazuia dopamini. Breki ikizuiwa, prolaktini inapanda yenyewe. Dawa nyingine zenye kuzuia dopamini ni zile za kutuliza kutapika: domperidoni, ambayo muko munaijua kwa jina la Motilium, na metoklopramidi, ambayo ni Primpéran. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kuleta maziwa. Kupandisha prolaktini ni kitu kinachofuata nyuma tu.

Je, zinasaidia? Nitasema ukweli wote. Wamama wenye watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wenye walikuwa wakikamua maziwa mara nyingi kila siku, domperidoni iliwaongezea kiasi. Lakini walikuwa tayari wanakamua. Kama titi halitolewi maziwa, kupandisha prolaktini ni sawa na kuleta unga kwenye kiwanda ambacho mlango wake umefungwa. Na yule mama wa hofu, shida yake iko kwenye oksitosini. Kidonge cha breki hakigusi hapo.

Halafu hatari. Mwaka 2004 Marekani ilitoa onyo juu ya kutumia domperidoni kwa wamama wanaonyonyesha, kwa sababu inaweza kuharibu mapigo ya moyo. Mwaka 2014 Ulaya ikapunguza matumizi yake: kidonge cha miligramu 10 kisizidi mara tatu kwa siku, na kwa kawaida isipite juma moja, tena kwa kutapika tu. Hatari inazidi kwa mutu mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kuharisha na kutapika mpaka chumvi za mwili zimepungua, na mwenye kutumia dawa fulani pamoja nayo: eritromisini, flukonazoli, na dawa zingine za malaria. Nani hapa Kibati hajapata malaria mwaka huu? Nani hajaharisha? Dawa hiyo mganga anaweza kuiandika kwa mama fulani, akishamsikiliza moyo na kumuuliza dawa zake. Lakini shirika kuigawa kwa mkono, kama sabuni? Hapana.

Primpéran ni mbaya zaidi kwa watu wetu. Inaingia ubongoni kabisa. Inaweza kukaza shingo na taya, na inaweza kuleta huzuni kubwa. Ulaya ilisema mwaka 2013 isitumiwe kupita siku tano. Mama aliyezika watu njiani, mwenye analia usiku, ndiye tumpe kidonge cha kuongeza huzuni?

Vitu vinavyopunguza maziwa bila sisi kujua

Wakati tunatafuta cha kuleta maziwa, kuko vitu vinayapunguza kila siku ndani ya nyumba zetu.

Cha kwanza ni vidonge vya kupanga uzazi vyenye hormoni mbili, yaani vyenye estrojeni ndani. Estrojeni inapunguza maziwa. Mama anayenyonyesha asivitumie kabisa juma sita za kwanza, na ni vizuri angoje mpaka mtoto afike miezi sita. Kupanga uzazi si vibaya, mimi ni wa kwanza kuwaambia mupange. Lakini aombe njia isiyo na estrojeni: kijiti cha mkononi, sindano, kitanzi, ao kidonge cha hormoni moja. Akifika kituo cha afya aseme wazi: "Niko nanyonyesha."

Cha pili ni dawa za mafua zenye pseudoefedrini, zile za kufungua pua. Jaribio lililochapwa mwaka 2003 liliona kwamba miligramu 60 tu zilipunguza maziwa ya siku hiyo karibu robo. Mama mwenye mafua asafishe pua kwa maji ya chumvi, anywe maji moto. Parasetamoli haina shida.

Cha tatu ni pombe. Najua kuko desturi ya kumpa mama aliyezaa kasiksi ao bia nyeusi ili maziwa yaje. Titi linaweza kujaa, mama akafikiri imefaulu. Lakini pombe inazuia oksitosini, mlango haufunguki vizuri. Watafiti wa Marekani waliona kwamba saa chache nyuma ya mama kunywa, mtoto alipata maziwa kidogo, karibu moja ya tano chini ya kawaida, hata kama alinyonya kwa bidii. Na hapo sijasema kitu juu ya lotoko. Uji wa mtama usiochachuka unafanya kazi nzuri kuliko bia: unampa mama maji na nguvu.

Cha nne ni Valium na vidonge vingine vya usingizi vinavyouzwa bila karatasi ya mganga. Ninajua sababu watu wanavitafuta. Usiku ni mrefu kwa mutu aliyeona vita. Lakini Valium inapita kwenye maziwa na inakaa mwilini mwa mtoto mchanga siku nyingi. Mtoto anasinzia. Mtoto anayesinzia hanyonyi, na asiponyonya breki inarudi. Tramadoli pia ni hivyo, na inaweza hata kupunguza pumzi ya mtoto.

Cha tano ni bromokriptini, iliyojulikana kama Parlodel. Hiyo inafanya kazi ya dopamini: inakanyaga breki mpaka chini na kukausha maziwa. Zamani ilipewa wamama waliopoteza mtoto. Katika miaka ya 1990 Marekani iliacha kuiruhusu kwa kazi hiyo, kwa sababu kuko wamama walipata kifafa, kupooza upande mmoja ao mshtuko wa moyo. Kwa hiyo kama kati yetu kuko mama amezika mtoto wake na titi linamuuma, tusimkimbizie kidonge. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha maji baridi, avae nguo inayoshika titi bila kulibana sana, ameze parasetamoli. Baada ya siku chache mwili utajua. Na tusimwache peke yake siku hizo.

Wenye wanahitaji mganga, si shauri letu

Nisieleweke kwamba kila kitu ni kumsugua mgongo. Kuko wamama wachache ambao kiwanda chenyewe kimeumia, na hao tuwatambue haraka.

Mama aliyemwaga damu nyingi sana wakati wa kuzaa, ile katezi ka kichwani kanaweza kufa kwa kukosa damu. Mganga Sheehan aliieleza mwaka 1937, na ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwamba maziwa hayaji kabisa, siku ya tano titi bado laini kama zamani. Baadaye mama anachoka sana, baridi haimtoki, damu ya mwezi hairudi. Huyo apelekwe hopitali, ni maisha yake mwenyewe yako hatarini.

Mwingine ni mama ambaye kipande cha kondo kimebaki ndani. Projesteroni inaendelea kukataza kiwanda. Akiwa na damu isiyoisha, homa, ao harufu mbaya, apelekwe siku hiyo hiyo.

Wa tatu ni mama anayetumia dawa za akili kama Largactil ao haloperidoli. Wengine wanamwambia aache ili asimdhuru mtoto. Asiache mwenyewe! Akiacha ghafla anaweza kuanguka vibaya, na mtoto atabaki bila mama. Aende aulize wanaomtibu. Goma tuko na kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo, kazi yao ndiyo hiyo. Na mama mwenye analia kila siku kupita juma mbili, asiyependa kumuangalia mtoto, ao anayesema heri afe, huyo naye ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria. Hahitaji maneno ya "jikaze".

Wa nne ni mama mwenye virusi vya ukimwi. Dawa za kila siku hazikaushi maziwa. Akizimeza vizuri, Shirika la Afya Duniani linamshauri anyonyeshe, miezi sita ya kwanza bila kuchanganya kitu kingine, kisha aendelee pamoja na chakula mpaka miaka miwili.

Hesabu ya kopo

Wafadhili wetu, hapa nasema nanyi kwa njia ya pekee. Mtoto asiyenyonya anahitaji karibu kilo 20 za unga wa maziwa kwa miezi sita ya kwanza. Hiyo ni kopo 40 za nusu kilo, kwa mtoto mmoja. Kasha letu linaweza kununua ngapi? Kopo tatu kwa kila mama? Kopo tatu hazimlishi mtoto. Zinatosha tu kumfanya aache titi. Zikiisha, mama hana maziwa na hana kopo, na anaanza kuongeza maji ili zidumu.

Na maji yenyewe je? Hapa tuko juu ya lava. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe, mto hatuna. Tunangoja mvua kwenye bashi ao tunanunua bidoni. Kuni za kuchemshia zinatoka mbali. Kolera tunaijua tangu 1994. Biberoni iliyooshwa kwa maji hayo ni mlango wa kifo kwa mtoto wa mwezi mmoja. Ndiyo sababu tangu mwaka 1981 dunia iko na sheria ya kukataza kutangaza na kugawa bure maziwa ya kopo ovyo. Kopo ina kazi yake: kwa yatima asiye na mutu wa kumnyonyesha, kwa mtoto ambaye mama yake kweli hawezi. Huyo apewe, mpaka mwisho, kwa kikombe siyo kwa biberoni, na chini ya macho ya kituo cha afya.

Ninavyopendekeza

Kwa hiyo, mama prezida, naomba mkutano ukatae ombi jinsi lilivyo, na mahali pake tukubali mambo manne.

Kwanza, kila mama aliyezaa apate chakula cha siku 40. Anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku. Hiyo ni sahani moja nzuri ya maharage na viazi, na mafuta kidogo. Kunde, sombe, karanga, samaki ndakala kama tunaweza. Pamoja na hiyo, bidoni moja ya maji kwa siku. Tukimlisha mama, mama atalisha mtoto. Franka zile zile za kopo tatu zitafanya kazi kubwa.

Pili, tuchague wamama wawili katika kila mtaa, wenye walinyonyesha vizuri na wenye kinywa cha pole. Wamtembelee mama siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya kumi. Waangalie jinsi mtoto anashika titi: mdomo umefunguka sana, kidevu kinagusa titi, mama haumii. Waulize mikojo: mtoto wa siku sita na zaidi akikojoa mara sita ao zaidi kwa siku, na kilo zinapanda, maziwa yanatosha, hata kama analia. Nitawafundisha bila malipo.

Tatu, kwa mama ambaye maziwa yamepungua kweli ao aliacha, tuanzishe upya. Inawezekana, hata kwa bibi anayelea mjukuu yatima. Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1998. Mtoto anawekwa kwenye titi mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku pia. Wakati ananyonya, anapata maziwa mengine kwa kamrija kembamba kaliyofungwa kwenye chuchu, ili asichoke kuvuta bure. Yale mengine yanapunguzwa polepole kadiri ya mama yanapanda. Wengine wanaanza kuona maziwa baada ya siku chache, wengine baada ya majuma. Inahitaji kilo za mtoto zipimwe, kwa hiyo tunafanya pamoja na kituo cha afya.

Nne, sehemu ndogo ya kasha iwekwe pembeni kwa motari ya kumpeleka mama hopitali: yule wa damu nyingi, yule wa homa, yule wa huzuni kubwa, na mtoto asiyeongeza kilo. Hapo ndipo franka zinaokoa maisha kwa saa moja.

Wababa, neno la mwisho ni lenu. Munauliza sisi tufanye nini, titi hatuna. Munaweza kufungua mlango ao kuufunga. Ukirudi na kelele, ukimuuliza "mbona mtoto analia, wewe ni mama gani", adrenalini imepanda na mtoto amekosa. Ukichota maji, ukimshika yule mkubwa ili mama akae chini, ukimwambia "kula kwanza wewe", umefanya kazi ya oksitosini. Na bibi zetu, mama wakwe wetu: ninyi ndio wenye neno ndani ya nyumba. Mukisema "maziwa yake iko, mulete mtoto", mama atakuwa na nguvu.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Kama kuko maswali, niko hapa mpaka kura ipite.